Pikapu Kuukuu ya Dizeli, Sehemu ya Tatu: Ekzosi Pana Inaleta Nini?

Katika sehemu mbili zilizopita tulikuwa upande wa kuvuta: kwanza chujio la hewa, kisha pampu na nozeli. Leo tunavuka injini na kuingia upande wa kutema. Swali ninaloulizwa kuliko yote tangu mfululizo huu uanze, iwe na wenye magari wa Jinja au wa Mbale, ni moja: nikitoa ekzosi ya kiwanda nikaweka bomba pana, pikapu yangu itaongeza nguvu?

Anayeuliza kwa kawaida ana Toyota Hilux ya miaka ya 1990, injini ya 2L au 3L isiyo na tabo. Wengine wana Isuzu, wengine Mitsubishi L200, na wenye mizigo mizito zaidi wana Land Cruiser ya injini ya 1HZ. Magari haya hayaachwi na wenyewe, na sababu si mapenzi peke yake. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu liundwe, kwa hiyo pikapu ya namna hiyo ikifa huwezi kuagiza pacha wake. Unabaki na uliyo nayo, na unaitengeneza.

Nitajibu kwa hesabu, maana katika jambo hili maneno ya gereji yamezidi vipimo.

Tuchukue 3L. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,779, na kila krankshafti inapozunguka mara mbili, injini hunyonya ujazo huo mara moja. Ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, imenyonya mara 2,000. Kwenye karatasi hizo ni kama lita 5,500 za hewa, lakini silinda haijai kikamilifu, basi tuseme 4,700. Hewa hiyo ikishaungua na kutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 za sentigredi, imevimba zaidi ya mara mbili na nusu. Bomba lako, basi, linapitisha karibu lita 12,000 za moshi kila dakika: ungeweza kujaza lile tangi jeusi la maji la lita 10,000 lililo nyuma ya shule, na moshi ukabaki. Ndani ya bomba la inchi mbili moshi huo unakimbia mita 110 kwa sekunde, karibu kilomita 400 kwa saa.

Kwa mwendo huo kila kona na kila ukuta wa ndani ya sailensa unausukuma moshi urudi ulikotoka. Pistoni inapopanda kutoa moshi, inapigana na msukumo huo, na nguvu inayotumika kupigana haifiki kwenye magurudumu. Hadi hapo wauzaji wa mabomba mapana wana haki yao.

Sasa tuangalie faida ni kiasi gani. Watengenezaji wengi wa injini za dizeli huweka ukomo wa msukumo wa nyuma karibu kilopaskali 10. Tuseme ekzosi yako imefika kwenye ukomo huo, na fundi wako ni hodari hata ameufuta wote, jambo ambalo haliwezekani. Zidisha msukumo huo kwa ujazo wa injini na kwa idadi ya mara inayotema kwa sekunde: unapata pungufu kidogo ya wati 1,000. Hiyo ni nguvu ya farasi mmoja na robo, katika injini ambayo kitabu kinaipa karibu farasi 90. Tena ni pale tu unapokanyaga hadi mwisho. Kwenye mizunguko 2,000, ambako dereva wa mzigo anashinda kutwa, moshi umepungua nusu, msukumo umebaki robo, na faida yako imebaki moja ya nane ya huyo farasi na robo yake. Anayekuambia utaokoa dizeli ya kulipia bomba jipya kwa mwezi mmoja, mwombe akuonyeshe hesabu yake.

Linganisha sasa na kile ambacho mlima unakuchukulia bila kukuuliza. Jinja na Mbale ziko kwenye mwinuko wa kama mita 1,150 hivi. Hewa hapo ni pungufu kwa karibu moja ya nane kuliko Mombasa, na injini isiyo na tabo, ambayo haina wa kuisukumia hewa, inapungukiwa vivyo hivyo. Wale farasi 90 wa kitabuni wakifika Mbale ni kama 79. Panda barabara ya Kapchorwa, kupita Sipi, hadi juu ya mita 1,800: hewa imepungua kwa karibu moja ya tano, na farasi wamebaki kama 72. Kati ya mji wa Mbale na mji wa Kapchorwa, mwendo wa kilomita 65 hivi, umeacha njiani farasi saba. Fundi wa bomba alikuahidi mmoja na robo.

Hapo ndipo moshi mweusi unapozaliwa. Pampu ya zamani hupima dizeli kwa kanyagio na kwa mizunguko. Haijui uko Namatala au uko Sipi. Baadhi zilitoka kiwandani na kifaa cha kupunguza dizeli kadiri mwinuko unavyoongezeka, lakini nyingi hazinacho. Hewa inapungua, dizeli ni ile ile, na ile isiyopata hewa ya kuungulia inatoka ikiwa masizi. Dereva anatazama kioo cha pembeni, anaona wingu jeusi juu ya kabichi zake, na anahitimisha kwamba ekzosi imeziba. Ekzosi haikutengeneza moshi ule, imeubeba tu. Ukiweka bomba la inchi tatu, moshi utatoka mweusi vile vile, ila utatoka na mshindo. Tiba ya moshi huo iko kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, tuliyemzungumzia wiki iliyopita, na kwenye chujio la hewa la wiki iliyotangulia.

Mbona basi kuna watu wanaoapa kwamba walibadilisha ekzosi na gari likaruka? Wengi wao hawadanganyi. Walichofanya ni kutoa ekzosi iliyokuwa imekufa. Bomba lililogongwa na jiwe la barabara ya Bududa likabonyea hadi nusu, au sailensa ambayo kuta zake za ndani zimeoza, zikaanguka na kulala mbele ya tundu la kutokea, haiko tena kwenye kilopaskali 10. Inaweza kuwa mara mbili au tatu ya hapo. Gari la hivyo lingeruka hata kama ungelirudishia bomba jembamba la kiwanda, ilimradi liwe zima.

Kwa hiyo kabla ya kukata chochote, pima. Vifaa si vya dukani. Nilimwona fundi mmoja wa Mbale akifanya kazi hii vizuri, nami nitaieleza kama alivyoifanya. Mwenye pikapu, mzee anayechukua kahawa kutoka Budadiri, alikuwa amekuja na uamuzi wake tayari.

"Fundi, ikate hiyo sailensa, uniwekee bomba moja kwa moja."

"Sawa, mzee. Nipe kwanza dakika kumi niipime, nisije nikakata kitu kizima."

Alitoboa tundu dogo kwenye bomba la kushuka, mkono mmoja chini ya manifoldi, akachomelea nati juu ya tundu hilo. Kwenye nati akafunga kipande cha bomba jembamba la breki, kama nusu mita, ili joto lifie njiani. Mwisho wa bomba la breki akavika mpira mwangavu wa mita tatu, akaufunga kwenye ubao kwa umbo la herufi U, akamimina maji yaliyotiwa rangi. Injini ikawashwa, ikaachwa ipate joto, kisha ikakanyagwa hadi mwisho ikiwa imesimama. Maji yalirukaruka kwa mapigo ya injini mpaka alipoubana mpira kidogo kwa koleo, yakatulia. Tofauti ya upande mmoja na mwingine ilikuwa sentimita 80.

Sentimita 102 za maji ni kilopaskali 10. Lakini gari likiwa limesimama bila mzigo, moshi wake ni wa vuguvugu ukilinganisha na wa mlimani, na moshi wa moto zaidi huvimba na kusukuma zaidi. Ukipata sentimita 60 gari likiwa limesimama, kadiria kwamba likibeba mzigo mlimani litavuka mita moja. Sentimita 80 ilikuwa ugonjwa. Fundi alifungua sailensa kwa grainda, na ndani kulikuwa na karatasi ya chuma imejikunja kama ulimi mbele ya bomba la kutokea. Mzee alipewa sailensa nyingine ya aina ile ile, bomba la kiwanda likabaki, na kipimo kikashuka hadi sentimita 35. Nati iliyochomelewa ikafungwa kwa bolti, ikisubiri kipimo kijacho.

Ningependa kila gereji iwe na ubao ule ukutani.

Kuna na usemi wa upande wa pili, kwamba injini lazima ibanwe kidogo, la sivyo "hewa inapotea". Hakuna injini inayopenda kubanwa. Usemi huu umetoka kwenye injini za petroli za mbio, ambazo valvu ya kuingiza na ya kutoa hufunguka pamoja kwa muda, na wimbi la moshi katika bomba lenye kipimo sahihi husaidia kuvuta hewa mpya. Bomba likiwa pana mno wimbi linalegea, watu wakadhani kilichokosekana ni kubanwa. Katika dizeli hizi mgandamizo ni wa kama 22 kwa 1. Pistoni inafika karibu sana na hedi, na hakuna nafasi ya kuacha valvu mbili wazi kwa muda mrefu. Wimbi hilo halina kazi kubwa hapa. Inchi mbili na nusu zinatosha kabisa kwa 2L na 3L. Tatu ni za kuonyeshea majirani.

Kwenye tabo mambo hubadilika, na hapo nageuza kauli. Mwenye Hilux au Surf ya 1KZ-TE, au L200 ya tabo, anaweza kutumia pesa kwenye ekzosi akaona matunda. Gurudumu la tabo linazungushwa na tofauti ya msukumo kati ya mbele yake na nyuma yake. Ukipunguza msukumo baada ya tabo, linazunguka upesi zaidi, hewa inaingia mapema, na joto la moshi linashuka. Hilo la joto ndilo ninalolijali zaidi. Hedi za 1KZ zinajulikana kwa kupasuka zikizidiwa na joto, na mwenye kupanda na mzigo kutoka Mbale hadi Kapchorwa anazipasha kwelikweli. Hapa bomba la inchi mbili na nusu hadi tatu, hasa kile kipande cha kwanza kinachotoka kwenye tabo, lina maana. Anza na kipande hicho. Wengi wanapanua mkia na kuacha shingo ilivyo.

Jinja ina shida nyingine. Barabara ya kutoka huko kupitia Iganga na Tirinyi hadi Mbale haina milima ya kutisha, na pikapu nyingi za Jinja haziendi hata huko. Zinatoka sokoni kwenda Masese, kutoka kiwandani kwenda dukani, dakika kumi, zinazimwa. Ekzosi za Jinja hazizibi, zinaoza. Kila lita ya dizeli ikiungua hutoa karibu lita nzima ya maji, kwa umbo la mvuke. Katika safari ndefu mvuke huo hutoka nje. Katika safari ya dakika kumi sailensa haijapata moto, mvuke unageuka maji ndani yake na kulala humo usiku kucha. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu salfa ya dizeli iliyageuza maji hayo kuwa tindikali kali. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana dizeli isiyozidi salfa ya sehemu 50 kwa milioni, na hilo limeongeza umri wa sailensa kuliko rangi yoyote ya kuzuia kutu. Maji yenyewe, lakini, yako pale pale. Toboa tundu la milimita tatu mahali pa chini kabisa pa sailensa, nyuma. Halitaongeza kelele, na asubuhi utaona linavyodondosha. Wale wanaofunga bandeji ya joto kuzunguka bomba la chuma cha kawaida wanafanya kinyume: wanalivisha bomba shuka mbichi.

Tukija kwenye kulitengeneza, jambo la kwanza ni chuma. Mji wenye viwanda vya chuma kama Jinja haukosi bomba, ila bomba si bomba tu. La fanicha, lenye unene wa milimita moja na kidogo, ni rahisi kukunja na halimalizi misimu miwili ya mvua. Tafuta la milimita moja na nusu hadi mbili. Chuma kisichoshika kutu ni kizuri kwa mwenye uwezo, na kinahitaji mchomeleaji anayekijua. Bomba la maji lililopakwa zinki liache kabisa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, joto ambalo bomba karibu na manifoldi hulivuka kila siku, na moto wa kuchomelea huigeuza mvuke unaompa mchomeleaji homa ya usiku, kutetemeka na kifua kubana. Mafundi wengi huinywea maziwa na kurudi kazini kesho yake. Dawa ni kutolichomelea.

Jambo la pili ni kona, na hapa kazi nyingi huharibika. Gereji zetu chache zina mashine ya kukunja inayolishika bomba kwa ndani lisibonyee. Wengi hukata vipande vya mshazari na kuviunganisha. Ukiunganisha viwili tu kupata pembe ya nyuzi 90, kona hiyo inapoteza mara tatu au nne ya ile iliyokunjwa vizuri. Ukifanya vitano au sita, unakaribia. Lakini mafundi wazee wana njia bora: wanajaza bomba mchanga mkavu, wanaushindilia kwa kugonga pembeni, wanaziba ncha zote mbili kwa mbao, wanapasha mahali pa kona hadi pawe pekundu, kisha wanakunja polepole kuzunguka rimu ya gurudumu. Mchanga unalizuia bomba lisibonyee. Sharti ni moja: mchanga ukaangwe kwanza hadi utoe vumbi. Ukiwa na unyevu, maji yaliyofungiwa ndani ya bomba jekundu yanakuwa mvuke, na kile kizibo cha mbao kinaruka kama risasi. Usisimame mbele ya ncha.

Hesabu inasema bomba pana husaidia sana: kutoka kipenyo cha ndani cha milimita 48 kwenda 60, upotevu wa kusuguana katika bomba lililonyooka unashuka hadi theluthi. Walakini bomba lililonyooka ni sehemu tu ya upotevu wote. Bomba la inchi mbili na nusu lenye kona mbili za kukatwa ovyo linaweza kuwa baya kuliko la kiwanda la inchi mbili.

Tatu, liache linese. Injini inakaa juu ya raba na hutikisika. Bomba likichomelewa gumu kutoka manifoldi hadi mkia, uzito na mtikisiko vyote vinaangukia kwenye chuma cha kutupwa cha manifoldi, nacho hupasuka. Bakiza kipande cha kunyumbulika, au ile flenji ya bolti za springi, na uning'inize bomba kwa raba, si kwa waya. Lipitishe mbali na tangi, na mabomba ya breki, na kebo ya breki ya mkono. Kisha lijaze gari mzigo kabla hujachomelea kipande cha juu ya ekseli ya nyuma: bomba lililopimwa gari likiwa tupu litagongwa na ekseli siku ya kwanza ya viazi.

Mkia utoke nje ya bodi, nyuma kabisa. Nasisitiza kwa sababu mtindo wa kukatia bomba chini ya kitanda umeenea, eti linapunguza uzito. Pikapu za huku hubeba watu juu ya magunia, na moshi unaotokea chini ya kitanda hupanda kwenye nyufa za mbao na kukaa chini ya turubai pamoja nao. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku. Usiutoe ubavuni kushoto pia. Hapo ndipo wanapokaa wauza ndizi na wanaosubiri abiria juu ya bodaboda.

Kuhusu kuondoa sailensa yote: tumeona haileti nguvu. Inaleta mngurumo. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 2,000 hupiga mara 67 kwa sekunde, sauti nzito inayojaa ndani ya kabini na kumchosha dereva kabla ya Iganga. Uganda ina kanuni za viwango vya kelele tangu 2003, na askari wa barabarani hahitaji kipimo kukusikia. Anayetaka njia wazi atafute sailensa ya bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya chuma. Moshi unapita moja kwa moja na sauti inafia pembeni.

Ukishafunga kila kitu, nenda safari moja yenye mzigo, rudi, acha injini ipoe hadi asubuhi, kisha kaza upya nati za manifoldi na flenji. Gasketi mpya hulala baada ya moto wa kwanza, na nati zilizokuwa ngumu jana zitakubali robo zamu. Pitisha kiganja karibu na kila kiungo injini ikiwa imewashwa baridi; pale unapohisi pumzi, baada ya wiki mbili patakuwa na mstari mweusi wa masizi.

Sehemu ya nne: breki za nyuma na springi za majani, kwa wanaoshuka Kapchorwa na mzigo.